Namba za Gurudumu la Kulia

Kila Jumamosi, kabla jua halijafika kwenye bati la gereji, Nati alikuwa ameshanyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie. Kisha alipanga spana ukutani, kuanzia namba nane hadi namba thelathini na mbili, akatundika tambara safi kwenye msumari wa mlangoni. Alikuwa akifanya kazi hizo tangu yuko darasa la pili, na sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina la Nati binti huyo alipewa na baba yake. Alipoanza kutambaa, kitu cha kwanza kukitia mdomoni kilikuwa nati ya gurudumu, na mama yake nusura azimie.

Baba yake alikuwa fundi wa kunyoosha magurudumu. Watu wa mtaa walimwita Fundi Uzi. Katikati ya mji kulikuwa na gereji kubwa yenye mashine ya kompyuta, iliyopiga alaimenti kwa dakika kumi na tano. Lakini gari likishabadilishwa springi, likainuliwa juu au kushushwa chini, mafundi wa kule walikuna vichwa na kumwambia mwenyewe, "Hili mpelekee Fundi Uzi." Naye Fundi Uzi alifunga nyuzi mbili, moja kila ubavu wa gari, akapiga magoti na futi yake ya kupimia mkononi, na hakuinuka mpaka magurudumu yote manne yaangalie mbele.

Futi ile ilikuwa ya baba peke yake. Mwaka uliopita alianza kumpa Nati aishike, mara moja moja. Nati hakuwahi kumwambia mtu, lakini siku aliyopewa kwa mara ya kwanza alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevishwa taji.

Halafu akaja Kimya.

Kimya alikuwa binti wa shangazi yake, dada yake baba. Shangazi alikwenda kusomea ukunga katika chuo cha mbali, mwaka mzima, akamwacha binti yake kwa kaka yake. Walikuwa na umri mmoja, Nati akimzidi miezi minne. Kimya hakuwa bubu. Aliongea pale tu alipokuwa na la kusema, jambo ambalo Nati hakuliweza hata akiwa usingizini.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama alisema siku ile ya kwanza, akimpokea Kimya begi.

Miezi miwili ikapita, na Nati hakuona alichopona. Blanketi la bluu, lile zito, alipewa Kimya kwa kuwa "bado hajazoea baridi ya huku." Daftari la Kimya lilisifiwa mwandiko. Mezani, baba alimuuliza Kimya maswali na kusubiri jibu, lakini Nati akifungua mdomo aliambiwa, "Meza kwanza chakula, mama." Siku moja Nati alihesabu baba alimtaja Kimya mara ngapi tangu asubuhi hadi chakula cha jioni. Mara kumi na saba. Yeye alitajwa mara tisa, na kati ya hizo, nne zilikuwa za kukemewa.

Ijumaa moja jioni muuguzi wa zahanati alileta gari lake. Lilikuwa gari dogo la kijani, lililoinuliwa juu na mtu aliyekuwa nalo kabla yake ili lisigonge mawe. Muuguzi alilitumia kupeleka chanjo kwenye kijiji cha mlimani.

"Fundi, linanivuta kushoto," alisema. "Nikinyoosha usukani, gari linakwenda linakotaka lenyewe. Na matairi mapya yameliwa pembeni kama yamepitiwa na panya. Nililipeleka kwenye mashine, wakaniambia gari limechezewa."

"Liache, Sista. Kesho saa tano liko tayari."

Asubuhi ya Jumamosi baba alisimama mbele ya gari na wale watoto wawili, akakunja mikono.

"Kabla sijafunga uzi, niambieni. Gari hili linaumwa wapi?"

"Tairodi!" Nati alijibu haraka, kwa sauti iliyofika barabarani. "Gari likiinuliwa, zile fimbo za usukani zinainama, zinayavuta magurudumu yasiangalie mbele. Wewe ulisema, baba."

Kimya alilizunguka gari polepole, akachuchumaa, akapenyeza vidole kati ya tairi na madigadi. Akaenda upande wa pili, akafanya vilevile.

"Mjomba, huku vidole vyangu vinne vinapita," alisema. "Huku vinapita vitatu tu."

Baba alichuchumaa naye. Alipima kwa futi pande zote mbili, halafu akacheka kwa sauti. Aliyeliinua gari alikuwa ameweka vipande viwili vya chuma juu ya springi za mbele, lakini havikulingana unene. Gari lilisimama limeinamisha bega moja.

"Jicho la mtoto huyu!" baba alisema, akiweka mkono kichwani kwa Kimya. "Ningefunga uzi kwanza, ningekuwa napima gari lililopinda. Tungekesha hapa. Na tairodi pia ni kweli, Nati."

Pia. Nati alilirudia neno hilo kimoyomoyo, mara mbili.

Baba alibadilisha vipande vile, akaweka vinavyolingana, akalitikisa gari juu chini mpaka springi zikatulia. Akafunga nyuzi pande zote mbili, akazikagua mara tatu. Kisha akatoa futi mfukoni, na Nati akanyoosha mkono.

"Leo apime Kimya," baba alisema. "Wewe andika."

Nati aliushusha mkono wake taratibu, kana kwamba aliunyoosha kufukuza nzi. Akachukua chaki, akasimama mbele ya ubao wa gereji.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Unapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa karibu zaidi na uzi, gurudumu linaangalia nje. Wa nyuma ukiwa karibu zaidi, gurudumu linaangalia ndani. Namba hizo zikitofautiana kwa nywele mbili tatu si neno. Zikitofautiana sana, tairi linaburuzwa badala ya kuviringika.

"Kulia, mbele, milimita mia moja na hamsini," Kimya alisema. "Kulia, nyuma, mia moja hamsini na sita."

Nati aliandika. Aliikandamiza chaki mpaka ikakatika vipande viwili.

"Taratibu, mama, ubao haujakukosea," baba alisema, na Kimya akatabasamu kidogo. Labda alitabasamu kwa sababu ya utani tu. Nati aliona tabasamu la mtu aliyeshinda.

Saa nne ilipofika, baba na Kimya walikwenda nyuma kunawa mikono ili wanywe chai. Nati alibaki peke yake mbele ya ubao. Hakuwa amepanga kitu. Alitazama namba zile mbili za gurudumu la kulia, na wazo likamjia jepesi kama unyoya. Alizifuta kwa kidole gumba, akaziandika upya: mbele mia moja hamsini na sita, nyuma mia moja na hamsini.

Alijua kanuni ya baba yake: pima, geuza, pima tena. Baba angegeuza tairodi, angepima tena, angeona mambo yamekwenda kinyume. Angesema, "Kimya, ulisoma vipi hapa?" Hayo tu. Gari lisingedhurika. Kimya angeinamisha kichwa mara moja tu, na futi ingerudi kwa mwenyewe. Nati alikwenda kunywa chai yake akiwa na furaha, lakini nusu ya mkate aliirudisha sahanini.

Baada ya chai baba alilala chini ya gari. Gurudumu la kushoto alilimaliza, akalipima tena. Kisha akahamia kulia, akachungulia ubao.

"Hee! Hili linaangalia ndani?" Alisita. "Ajabu. Haya, gari lililochezewa halina adabu."

Nati alikuwa ameshika spana ya kumpa. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Alimpa spana.

Baba aligeuza tairodi, akakaza nati zake. Ndipo muuguzi akaingia mbio, sanduku la chanjo begani, jasho likimtoka.

"Fundi, naomba gari! Jokofu la zahanati limekufa tangu alfajiri. Nimepewa barafu ya mkopo na inayeyuka. Akina mama wananisubiri huko juu."

"Sista, nipe robo saa. Sijalipima mara ya pili, wala sijalijaribu barabarani."

"Robo saa sina, ndugu yangu. Linatembea?"

Baba alitazama gari, akatazama sanduku, akafuta mikono. "Linatembea. Nenda polepole. Ukiona linavuta, geuza urudi, usinionee haya."

Akazifungua nyuzi, na gari la kijani likatoka. Nati alilisikia likikata kona, matairi yakitoa mlio mwembamba kama kitoto cha paka. Akajiambia kuwa matairi yote hulia hivyo.

Hakuna aliyejua kwa nini siku ile Nati alifagia gereji mara mbili. Kila gari lililopita barabarani lilimfanya ageuke. Alifikiria ile barabara ya mlimani, ambayo upande mmoja ni ukuta wa mawe na upande wa pili ni bonde. Kupanda mchongoma ni rahisi. Kushuka ndiyo ngoma. Mara tatu alimsogelea baba yake, na mara tatu akauliza kitu kingine: ni saa ngapi, je, afunge dirisha, bisibisi ndogo iko wapi.

Saa kumi alasiri muuguzi alirudi. Alishuka garini akinyoosha vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu aliyekuwa ameshikilia kamba ya ng'ombe.

"Fundi, limekuwa baya kuliko jana," alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimekwenda kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Kwenye kona moja lilinivuta hadi ukingoni, nikasimama, nikarudi nyuma kidogo kidogo. Nilipofika, barafu ilikuwa imekwisha. Chanjo nimezirudisha jinsi zilivyo, zitatupwa. Watoto kumi na mmoja, Fundi. Mama zao walikuwa pale tangu saa mbili."

Baba alipiga magoti kwenye tairi la kulia, akalipapasa. Ukingo wake ulikuwa umechanika nyuzinyuzi. Aliuendea ubao, namba bado zilikuwa pale, akazitazama kwa muda mrefu.

"Nilifuata hizi," alisema. "Sielewi."

Kimya alikuwa amesimama karibu na meza ya vifaa. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mjomba, ni mimi," alisema. "Nakumbuka nilisema mia moja na hamsini mbele. Lakini ubaoni ni kinyume. Basi nitakuwa nilisoma kinyume. Samahani, Sista. Ni mimi niliyekosea." Machozi yakamtoka bila sauti. "Mjomba, usinipe tena futi."

Hicho ndicho Nati alichokitaka tangu asubuhi. Kilikuwa kimefika chote, hata futi, na hakikuwa na utamu hata chembe. Kimya alikuwa akiomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, mbele ya mtu aliyeponea chupuchupu, na alikuwa akifanya hivyo bila kutafuta wa kumsingizia.

"Hakukosea," Nati alisema.

Wote watatu wakamgeukia.

"Alisoma vizuri. Niliandika vizuri, halafu mlipokwenda kunawa nikazifuta, nikazigeuza." Sauti yake ilikuwa inakatika. "Nilijua utapima tena, baba. Nilitaka umwone Kimya hajui. Sikujua Sista atakuja mapema. Ulipouliza kama linaangalia ndani, nilisikia. Nikanyamaza."

Baba hakumpiga wala hakumkemea. Alivuta kigoda, akakaa, akajishika paji la uso kwa mkono wenye grisi.

"Kwa nini?" aliuliza hatimaye.

"Kwa sababu unampenda yeye zaidi."

Kimya alimtazama Nati kama anayemwona mara ya kwanza, akatoka nje.

Baba aliinuka. "Sista, nami nina langu. Kanuni ni yangu, na mimi ndiye niliyeivunja. Gari halitoki hapa bila kupimwa mara ya pili, hata ukija na moto kichwani. Tairi hili nitakununulia jipya. Nati, kafunge nyuzi. Kimya! Njoo, mwanangu, shika futi."

Kimya alirudi, macho mekundu. Baba aliokota chaki na kumpa Nati.

"Niandike mimi?" Nati aliuliza, hakuamini.

"Nani mwingine? Nikikunyima chaki, utajuaje kama unaweza kuandika kweli?"

Walifanya kazi mpaka jua likafika usawa wa ukuta. Kimya alisoma, Nati aliandika, na baada ya kila namba alirudia kwa sauti, "Mia moja hamsini na mbili, nimeandika mia moja hamsini na mbili." Baba aligeuza, wakapima tena. Kisha baba akapanda gari na muuguzi kulijaribu barabarani, wakaenda hadi kituo cha mafuta na kurudi. Muuguzi alishuka akasema usukani umenyooka na mikono yake imepumzika. Hakutabasamu, lakini kabla ya kuondoka alimwita Nati.

"Jumamosi ijayo napanda tena kijijini. Akina mama wale waliondoka wamekasirika, wengine hawatakuja wenyewe. Wanahitaji mtu wa kwenda mlango kwa mlango kuwaita. Mtu huyo ni wewe."

"Nitakwenda na mimi," Kimya alisema. Nati alishangaa, lakini Kimya hakumwangalia.

Wiki ile yote walilala kitanda kimoja bila kupiga soga. Nati aliomba msamaha mara mbili gizani. Mara zote mbili alijibiwa, "Nimesikia," na blanketi likavutwa upande wa pili.

Jumamosi walitembea kutoka nyumba moja hadi nyingine kwenye vijia vya mlimani. Kila mlango Nati alijitambulisha na kusema kweli: wiki iliyopita muuguzi alichelewa kwa sababu yangu, leo yupo na dawa zipo, tafadhali mlete mtoto. Mama mmoja alimfokea mpaka kuku wakakimbia. Mwingine alicheka, akamfunga mtoto mgongoni, akawafuata. Ilikuwa kwenye kupanda kuelekea nyumba ya nane ambapo Kimya alisimama ghafla.

"Unajua nini kinaniudhi?" alisema. "Ulisema mjomba ananipenda zaidi. Wewe! Ukiamka asubuhi unamkuta baba yako anakohoa bafuni. Mama yako anakufokea umeacha viatu mlangoni. Mimi mjomba ananiita taratibu, ananipa blanketi, kwa sababu ni mgeni. Hata sifokewi! Mama yangu nasikia sauti yake Jumapili tu, na simu ikikata ndiyo basi. Usiku ule wa kwanza nilikuonea wivu, sikulala."

Nati aliinamia viatu vyake, akavipangusa vumbi kwa kidole.

"Sijakusamehe bado," Kimya aliongeza, akianza kupanda. "Nakaribia."

Walipata watoto kumi. Wa kumi na moja alikuwa amesafiri kwa bibi yake, na muuguzi aliandika jina lake pembeni ili amfuatilie. Gari la kijani liliteremka mlima likiwa limenyooka, na kwenye kona ile muuguzi alikata usukani kwa mkono mmoja bila hata kukatiza maneno yake.

Baba aliwakuta wameketi kwenye ngazi ya nyumba, vumbi hadi magotini. Alikaa katikati yao.

"Wangapi?"

"Kumi," Nati alijibu. "Na mmoja ataletwa."

Baba aliitikia kwa kichwa. Alichokonoa grisi kwenye kucha.

"Nati, nimefikiri wiki nzima juu ya neno lako. Labda nilimtazama sana mgeni nikasahau kwamba na mwenyeji ana macho. Hilo ni langu, nitalirekebisha. Lakini sikilizeni nyote wawili. Wivu kuusikia si kosa. Hata mimi huusikia nikipita karibu na ile gereji ya mashine, na leo mnajua. Kosa ni kuupa kazi ya kufanya. Wivu haujui kupima. Wewe ulitaka mtu mmoja tu aaibike, ukaishia kuwagusa watoto kumi na mmoja ambao hata hukuwajua. Ukikujia tena, na utakuja, njoo uniambie huku mikono yako ikiwa bado mitupu. Nitaacha spana, nitakusikiliza."

"Hata ukiwa chini ya gari?"

"Hata nikiwa chini ya gari. Nitatoa kichwa."

Kimya alicheka, na Nati akacheka naye. Ndani mama alikuwa akiita kwamba maji ya kuoga yamechemka, na kwamba yeyote aliyeacha viatu vyenye vumbi mlangoni avitoe mara moja, awe Nati au Kimya, hajali. Kimya aliinuka haraka kuliko wote, akitabasamu, kwenda kuchukua viatu vyake.